Breki Iko Nyuma

Ubelgiji hakuna mlima. Ukipanda treni kutoka Brussels mpaka baharini huoni kitu kirefu kuliko mnara wa kanisa, na theluji ikianguka asubuhi, kufika adhuhuri imeshakuwa tope la kuharibu viatu vya watu. Na ni katika nchi hii ambapo Kassimu, mtoto wa marehemu kaka yangu, niliyemlea mwenyewe tangu tulipotoka Bujumbura, aliingia saluni kwangu pale Saint-Josse, akasimama katikati ya wateja na kusema, "Shangazi, mpira basi. Nimepata mchezo wa barafu."

Nilikuwa namsuka Maman Alphonsine, Mkongomani wa Bukavu, mwenye nywele nyingi na maneno mengi zaidi.

"Barafu ya wapi?" nikamuuliza Kassimu. "Ya kwenye friji?"

Akatoa simu akanionyesha picha. Niliona kitu kama bafu la kuogea lililochongwa pua, na ndani yake wazungu wawili wamevaa kofia ngumu, wameinama kama watu wanaotafuta hereni iliyoanguka. Hiyo inaitwa bob, akasema. Mnaisukuma juu ya mlima, mnakimbia nayo, mnarukia ndani, inateremka kwenye mfereji wa barafu kwa mwendo wa gari la barabara kuu.

"Wa mbele anashika usukani," akanieleza. "Mimi nitakuwa wa nyuma. Wa nyuma anasukuma kwa nguvu zake zote, halafu anaruka ndani, anakaa amembana mwenzake kwa magoti, kichwa anakilaza mgongoni kwake, na wakifika chini anavuta breki. Breki iko nyuma, shangazi. Bila mimi haisimami."

"Mutoto alisoma université, njo anaenda kusukuma?" Maman Alphonsine akasema akiwa anatuangalia kwenye kioo.

"Usitingishe kichwa," nikamwambia. "Nitakusuka upande."

Tusidanganyane, Kassimu alikuwa mchezaji kweli. Miaka yote ya chuo kikuu alikuwa winga wa timu ya chuo, na mimi siku ya mechi nilikuwa nafunga saluni niende nikapige kelele pale uwanjani, kwenye upepo wa kukausha midomo. Akianza mbio, beki anabaki anasoma namba yake ya mgongoni. Sote tulijua akimaliza masomo tu klabu itamchukua. Akamaliza, mwaka 2008, na cheti chake cha uhasibu. Akaenda kujaribiwa klabu moja, akaenda nyingine, akaenda mpaka kwa Waflamandi huko ndani ambako hata bonjour yake hawakuitaka. Kila mahali walimpa chupa ya maji na jibu lile lile: mbio anazo, lakini umri umeshapita, kwa miaka hiyo wao wanauza, hawanunui. Akaishia kwenye ghala moja kando ya mfereji kule Molenbeek, anapanga makatoni. Jioni akija kwangu kuangalia mpira kwenye televisheni, miguu yake chini ya kiti ilikuwa inakimbia yenyewe. Yeye hajui. Mimi nilikuwa naiona, na roho ilikuwa inaniuma.

Kwa hiyo siku ile saluni nilipomwangalia usoni, nikaona macho ambayo sikuwa nimeyaona tangu aache mpira. Donc sikucheka tena. Nikamuuliza nafasi ziko ngapi.

"Moja," akasema.

Mwenye bob alikuwa Jean-Marie, fundi bomba wa Koekelberg, Mbelgiji mpole mwenye kitambi kidogo, ambaye likizo zake zote alikuwa anakwenda kuteleza kwenye milima ya watu wengine. Msukumaji wake wa zamani alikuwa ameoa, na mke hakutaka kusikia habari za barafu. Alihitaji mtu wa kukaa nyuma msimu unaokuja, na katika wote waliojaribu walikuwa wamebaki wawili: Kassimu, na kijana mmoja wa Liège aliyekuwa akicheza raga. Wakati wa kiangazi walikuwa wanafanya mazoezi na bob yenye magurudumu, kwenye maegesho ya magari nyuma ya jumba la michezo. Mwezi wa tisa, mwaka 2010, Jean-Marie angewapima wote wawili kwa saa, siku moja, kisha achague. Atakayechaguliwa ataondoka na timu kwenda milimani msimu mzima. Mwingine atarudi kwenye makatoni yake.

Sasa hapo ndipo anapoingia mkwe.

Kassimu alikuwa ameshaposa. Binti anaitwa Rayhana, alikuwa anasomea uuguzi, msichana wa maneno machache, na ndiye aliyekuwa anamshikia saa kwenye mazoezi. Posa ilikubaliwa mwezi wa nne. Babake ni Papa Yusufu, président wa umoja wetu sisi watu wa Buyenzi, mtaa wa Bujumbura, tunaoishi Brussels. Ni président tangu umoja uanzishwe, kwa sababu yeye ndiye anayepanga tarehe ya uchaguzi, na haijawahi kutokea tarehe inayomfaa. Watu wanamwita Prezida, hata mke wake. Huyo bwana akipewa lifti anakaa mbele, hata kama mwenye gari ana mke mjamzito. Mke atahamia nyuma na tumbo lake, na Prezida atasogeza kiti aweze kunyoosha miguu.

Na tangu posa ikubaliwe, Kassimu alimheshimu mkwe wake kama alivyofundishwa, akazidisha. Hakula mbele yake. Hakukaa naye kochi moja. Akimwona anakuja kwenye njia ya miguu, anashuka barabarani ampishe, magari yanampigia honi. Siku moja walikutana ndani ya metro, behewa limejaa, watu wamebanana, na Kassimu akaona mgongo wa mkwe wake unamjia kifuani. Alishuka pale pale. Akasubiri metro nyingine, akachelewa ghalani, akafokewa. Alipokuja kunisimulia alikuwa anajisikia fahari.

"Heshima ni nzuri," nikamwambia, "lakini mkwe si umeme."

Alicheka, lakini hakubadilika.

Bon. Maman Alphonsine alitoka saluni kwangu na nywele mpya na habari mpya, na kabla wiki haijaisha Prezida alikuwa ameitisha kikao. Tulikutana kwenye ukumbi ulio nyuma ya duka la vitambaa, Molenbeek, na ikaundwa Kamati ya Kumuunga Mkono Mwanariadha. Président, Papa Yusufu. Makamu wa président, na makamu wa pili, kwa kuwa makamu wa kwanza husinzia. Katibu. Mshauri wa protokali. Mshauri wa mambo ya baridi, mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi kwenye ghala la samaki wa barafu. Mwanariadha mwenyewe hakupewa cheo, na kiti pia hakupata, maana kilichobaki kilikuwa karibu na mkwe wake. Alisimama mlangoni kikao kizima.

"Mpira kila mtu anacheza," Prezida akasema, amesimama, vidole gumba kwenye mifuko ya koti. "Hata watoto wa mtaa wa Ngagara wanacheza mpira. Lakini barafu, ndugu zangu. Nani kutoka Buyenzi amewahi kuingia kwenye barafu?"

Mshauri wa mambo ya baridi akainua mkono. Akaambiwa aushushe.

Walijadili nguo. Mshauri wa protokali alikuwa ameona picha, na akasema vazi lile la kubana halifai mbele ya akina mama. Likapitishwa azimio kwamba mwanariadha avae bermuda, kaptura pana ya magotini, juu yake. Walijadili fulana za washabiki, zikatengenezwa, uso wa Prezida mbele, jina la Kassimu nyuma, dogo, karibu na mshono. Wakajadili hotuba, nani aanze na nani afunge. Hakuna hata mmoja aliyemuuliza mtoto ile bob inasukumwa namna gani. Mimi nilipofungua mdomo, katibu aliniambia mambo mengineyo yatajadiliwa mwishoni, na mwisho ulipofika watu walikuwa wameshainuka kwenda kula.

Halafu wakamwalika Jean-Marie. Maskini, alikuwa amezoea mchezo wake usiojulikana na mtu, hakuwahi kuona ukumbi mzima ukisimama kwa heshima yake. Walimtaka jaribio asilifanyie kwenye maegesho, alifanyie Parc Élisabeth, mbele ya basilika ya Koekelberg, mbele ya jamii. Kuna njia pale inateremka kuelekea Simonis, mteremko wa kivivu, lakini mteremko. Jean-Marie alikuna kichwa. Wakamletea sambusa. Akakuna tena, wakamletea nyingine, na mwisho akasema kwamba sehemu yenyewe ni karibu na kwake na labda akipatikana mtu wa kumdhamini itamsaidia.

Siku ya jaribio kulikuwa na jua. Watu walikuja kutoka Anvers, kutoka Liège, wengine kutoka Lille kule Ufaransa, na vyungu vyao na mikeka yao. Kulikuwa na spika mbili kubwa za harusi. Hotuba zilianza asubuhi. Kijana wa raga wa Liège alikuwa amekaa kwenye nyasi anaangalia, hajui amekuja kwenye michezo au kwenye maulidi, na Maman Alphonsine alikuwa amemshikisha sahani ya pilau na kumwambia, "Kula, mon fils. Leo utashindwa, heri ushindwe na tumbo yenye kujaa."

Kijana alishindwa kula, akasukuma. Jean-Marie alikaa mbele, kijana nyuma, Rayhana kando ya njia na saa. Alisukuma kama mtu anayehamisha kabati, lakini aliruka ndani vizuri, akakunja magoti, akalaza kichwa, wakateremka, akavuta breki, bob ikasimama pale ilipotakiwa. Watu wakampigia makofi ya adabu. Jean-Marie alipopanda juu tena akipitia karibu na mimi, aliniambia kwa sauti ndogo, "Madame, Kassimu ana mbio kumzidi. Afanye kama anavyofanya kila siku, kiti ni chake."

Nikamtafuta Kassimu kwa macho, nikamwona amevaa bermuda yake juu ya lile vazi, anarukaruka pale pale kupasha miguu moto, na mtu angeniambia bado ana miaka kumi na tisa ningekubali.

Ndipo Prezida akainuka kwenye kiti chake cha mbele, akaja mpaka kwenye bob, kipaza sauti mkononi. Akaizunguka. Akaigonga kwa kidole.

"Alors," akasema, "mimi nakaa wapi?"

Jean-Marie akamwonyesha viti vya wageni.

"Hapana. Humu ndani."

"Mbele ni kwa dereva, monsieur le président."

"Mbele ni kwa mkubwa," Prezida akajibu, na spika zikalipeleka neno hilo mpaka kwenye ngazi za basilika. "Kwenye gari nakaa mbele. Harusini nakaa mbele. Msibani nakaa mbele. Watu hawa wametoka mpaka Ufaransa. Unataka waone mtoto wangu anateremka na mimi nimebaki kwenye kiti cha plastiki?"

Kamati yote ikaitikia kwa kichwa. Jean-Marie aliiangalia njia: imenyooka. Akayaangalia magurudumu. Akamwangalia Kassimu. Mtu mwenye akili timamu angekataa, lakini zile sambusa zilikuwa bado zinamdai.

"Haya basi, safari moja," akasema. "Mimi nitasimama hapo chini kidogo nimwone anavyoruka, hicho ndicho ninachotaka kukiona. Wewe shika hizi kamba za usukani, usivute. Breki iko nyuma. Kassimu akishaingia, hakuna hatari yoyote."

Wote wakakubali. Akili zao zilikuwa zimeishia kwenye kiti cha mbele.

Prezida akasaidiwa kuingia, watu watatu, mmoja wa viatu tu. Alikaa na suti yake ya kijivu, kofia ngumu juu ya kofia yake ya darizi, kipaza sauti hakukubali kukiacha. Kassimu akaja nyuma, akashika vishikio, akainama. Na hapo ndipo nilipomwona anaiangalia ile nafasi anayotakiwa kukaa. Nafasi yenyewe haifiki upana wa sinia. Na mbele yake, mgongo wa mkwe.

Pembeni yangu alikuwa jirani yangu Aïcha, mwanamke ambaye hajui kunong'ona.

"Mbona hapo ni pembamba?" akasema. "Huyu mtoto atamkumbatia mkwe wake kwa mapaja?"

Wanawake wote wakaivuta mitandio mdomoni. Kassimu alisikia, masikio yake yalijaa damu. Aliinua macho akamtafuta Rayhana, na Rayhana akamwitikia kwa kichwa kumwambia endelea.

"Allez," Jean-Marie akapiga kelele kutoka chini.

Kassimu akasukuma. Wallahi, alisukuma. Miaka miwili ya makatoni, klabu zote zilizompa chupa ya maji, vyote aliviweka kwenye ile bob. Bermuda ilikuwa inapiga upepo. Hata asiyejua kitu alikuwa anaona kwamba hii si kama ya yule wa kwanza. Jean-Marie alikuwa anaruka pale chini na mikono juu. Ikafika pale pa kuruka. Nikaona mguu wa Kassimu unainuka.

"Ingia," nikasema. Nilisema kwa nguvu.

Mguu ukarudi chini. Akaachia vishikio. Alipiga hatua chache za kujizuia, akasimama kando ya njia, akaweka mkono wa kulia kifuani, akainamisha kichwa. Ndivyo tunavyofanya mkubwa anapoondoka na gari. Alikuwa amemsindikiza mkwe wake.

Bob ikaenda.

"Asanteni," ikasema spika. "Asanteni sana. Hii ni siku ya historia kwa Buyenzi nzima." Bob ikampita Jean-Marie, aliyekuwa amefungua mdomo. "Mnaona wenyewe jinsi tunavyokwenda." Ikaongeza mwendo. "Kassimu, mwanangu, punguza kidogo." Ikaongeza tena. "Kassimu." Mwanamke mmoja mzungu aliyekuwa anatembeza mbwa akasogea pembeni bila haraka. "Kassimu, uko?" Halafu tukasikia pumzi tu, halafu shahada, imetamkwa vizuri, na njiwa wote wa Parc Élisabeth wakaruka.

Aliingia kwenye maua ya komuni, yaani ya manispaa. Bob ilipanda ukingo, ikalima bustani yote ya manjano, ikalala ubavu taratibu. Tulikimbia, mimi na ndala zangu, kamati na viti vyao. Tulimkuta amekaa kwenye udongo, mzima, kiatu kimoja hakipo, petali kwenye ndevu. Kipaza sauti bado anacho. Kassimu alikuja mwisho, amepauka, akasimama mbali.

Prezida alimwangalia. Akaangalia watu. Akavuta koti lake.

"Mmeona?" akasema kwenye kipaza sauti, sauti inatetemeka kidogo mwanzoni. "Mmeona heshima? Siku hizi watoto wanawapanda wakubwa wao vichwani. Huyu wangu, hata ndani ya mchezo, hata mbele ya mashine, hakumgusa mkwe wake. Nani hapa ana mkwe kama huyu?"

Na watu wakashangilia. Sitii chumvi. Wanawake wakapiga vigelegele, makamu wa kwanza aliamka akapiga makofi, wakambeba Kassimu juu wakimwimbia wimbo wa harusi. Nilimwona kule juu ya mabega yao anatafuta pa kuweka miguu.

Jean-Marie alikuwa hajasogea, saa ya Rayhana mkononi mwake. Alikuwa anaiangalia kama mtu aliyesoma barua mbili zinazopingana. Aliponiona akanionyesha, ingawa mimi saa za aina ile sizijui.

"Hajawahi mtu kunisukumia hivi," akasema. "Hata yule wa zamani. Kwa nini hakuingia?"

Nikamweleza. Mkwe, heshima, magoti. Alisikiliza mpaka mwisho, mtu mwema, akafikiri.

"Bon," akasema. "Kwenye barafu mkwe hatakuwepo. Mbele nitakuwa mimi." Akaenda akaiinua bob na yule kijana wa raga, wakaifuta udongo, wakaipandisha juu tena. Kijana wa raga alisukuma pamoja naye bila kinyongo. Jean-Marie akakaa mbele. Akageuka. "Kassimu. Njoo. Mara moja tu. Uingie, na tumalize."

Watu wakamshusha Kassimu. Akaanza kutembea kuelekea kwenye bob. Nilikuwa nimeshaanza kumshukuru Mungu.

"Subirini," ikasema spika.

Prezida alikuwa amerudi kwenye kiti chake cha mbele, soksi moja nje. "Mkwe wangu amenikatalia mimi kwa heshima. Sasa aende amkumbatie fundi bomba? Mbele ya watu hao hao? Itaonekana vipi? Watasema heshima ilikuwa uoga." Akashusha sauti, akawa anazungumza kama baba, na hiyo ndiyo iliyokuwa mbaya zaidi. "Mwanangu. Umeshashinda leo. Usiharibu."

Kassimu akasimama katikati ya njia. Huku bob, huku mkwe. Kila mtu aliyekuwepo alikuwa anaona kinachochaguliwa pale, hata yule mama wa mbwa.

Rayhana alikuwa bado kando ya njia. Yule msichana hajawahi kuinua sauti mbele ya babake tangu azaliwe.

"Ingia, Kassimu," akasema.

Prezida aligeuka akamwangalia binti yake. Rayhana hakuinamisha macho. Alikuwa anamwangalia Kassimu peke yake, na akarudia, polepole, "Ingia."

Kassimu alifungua mkanda wa kofia ngumu. Akaivua kwa mikono miwili, akaifuta kwa kiganja, akaenda akampa Jean-Marie. "Merci," akamwambia. "Merci kwa yote." Jean-Marie akaipokea kofia, halafu akamwita kijana wa Liège.

Nilimtukana njia nzima kurudi Saint-Josse. Nilimtukana kwenye metro, nikamtukana kwenye ngazi, nilimtukana Prezida na kamati yake na mshauri wao wa samaki. Kassimu alikuwa anasema tu, "Ndiyo, shangazi." Nyumbani nikampakulia chakula, akala kidogo, akaosha sahani yake akalala. Nililia jikoni, na sioni aibu kusema.

Harusi ilikuwa kubwa. Rayhana alimpenda na akaolewa naye, na mambo ya pale bustanini sikuwahi kumsikia akiyataja. Prezida alihutubia. Katika hotuba bob ilikuwa inakwenda mwendo mara mbili ya ule tuliouona, na maua hayakuwepo.

Mwezi wa pili mwaka 2014 walinialika Molenbeek kwa Prezida, tule pamoja. Kulikuwa na mashindano ya barafu kwenye televisheni. Nilimtambua Jean-Marie mara moja, kitambi kimepungua, na nyuma yake yule kijana wa Liège. Hawakuwa watu wa kushinda, walikuwa wanatajwa chini kabisa, lakini walikuwa pale, na mlima nyuma yao, mweupe, mlima wa kweli.

Prezida alikuwa amekaa kwenye kochi la mbele, karibu na televisheni, na wajukuu wa jirani miguuni.

"Ile kitu," akawaambia, anaonyesha kwa rimoti, "mimi niliwahi kuiendesha. Hapa hapa Brussels. Muulizeni huyu."

Kassimu alikuwa nyuma kabisa, kwenye kiti cha jikoni, karibu na mlango, ili asikae kochi moja na mkwe.

"Ni kweli, papa," akasema. "Uliendesha vizuri sana."

"Na wewe ulinisukuma vizuri," Prezida akasema bila kugeuka.

Kwenye televisheni wakainama. Wakaanza kukimbia, na mimi sikuangalia televisheni, nilishusha macho. Chini ya kile kiti cha jikoni, miguu ya Kassimu ilikuwa imeanza. Kisigino, kidole, kisigino, kidole, kwenye zulia la mkwe wake, inaongeza kasi, inasukuma. Uso wake haukuwa na habari. Kwenye kioo yule kijana wa Liège akaruka ndani. Na pale pale, chini ya kiti, miguu ikasimama. Yote miwili, imepangwa pamoja.

Nikainua macho, nikamkuta Rayhana amesimama kwenye mlango wa jikoni na sinia ya chai. Alikuwa anaiangalia miguu ile ile. Akaitazama mpaka mashindano yakaisha, halafu akaja akamimina chai, akaanza na babake.